Mizunguko Themanini: Waya, Utundu na Wanagenzi wa Redio wa Tabora

Januari 1871 Henry Morton Stanley alishuka Unguja akiwa na kazi moja, kumtafuta Livingstone, na kabla ya kuvuka kwenda Bagamoyo ilimbidi kwanza anunue pesa. Nasema anunue kwa sababu huko bara alikokuwa anakwenda pesa zilikuwa shanga, nguo na waya. Akafundishwa hesabu yake, naye akaiweka kitabuni: shanga ni kama senti za shaba, nguo ni kama fedha, na waya, ukishafika nchi za ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, ndio dhahabu. Akanunua frasila 10, yaani ratili 350. Waya uliopendwa zaidi, anasema, ulikuwa wa namba 5 na 6, unene wake karibu sawa na waya wa telegrafu.

Hapo kwenye telegrafu nikakifunga kitabu kwanza. Mimi elektroniki nilijifunzia Kanyenye, katikati ya mji wa Tabora, na kitu cha kwanza nilichopewa kushika kilikuwa waya. Siku zote nilidhani waya uliingia Tabora pamoja na redio. Kumbe redio ilikuja ikaukuta.

Basi nataka kuandika habari za watu ambao sijaona wakiandikiwa historia: wale wanaoanza. Historia ya redio Tanzania ipo ukiitafuta, ina watangazaji wake, mitambo yake na wanasiasa wake. Ya mtoto aliyefungua redio ya baba yake akashindwa kuifunga, haipo. Na kwa maoni yangu elektroniki yetu ilianza kwa huyo, siyo kwa waziri aliyekata utepe.

Kanyenye ninayoisema ni kata ya mjini Tabora. Msomaji wa vitabu vya safari asije akachanganya: Kanyenye ya mtemi Magomba, ambako kina Burton na Stanley walitozwa hongo, ilikuwa Ugogo, safari ya siku nyingi kabla ya kufika kwetu. Kwetu ndiko Kaze, ambako Burton na Speke waliingia Novemba 1857 wakiwa hoi, wakapokelewa na Waarabu wa Unyanyembe. Burton alikuwa mtu wa dharau nyingi, na kurasa zake zinachosha kwa matusi, lakini jicho lake la bidhaa lilikuwa kali. Anataja masango, yaani waya mnene uliokuja kwa mizigo kutoka pwani. Anataja vitindi, waya uliozungushwa mkononi kama chemchemi. Na anataja pete za miguuni zilizotengenezwa kwa waya mwembamba uliozungushwa juu ya nywele za mkia wa mnyama, mzunguko kando ya mzunguko, bila kuacha nafasi.

Hebu simama hapo. Waya mwembamba, umezungushwa juu ya kitu kingine, mizunguko imebanana. Ukimwonyesha fundi redio yeyote pete hiyo atakwambia ni koili. Tofauti ni kwamba ile haikuwa na utando wa kuzuia umeme, kwa hiyo ingepiga shoti kila mahali. Lakini mkono uliohitajika ni uleule: mkono wa mtu anayeweza kuzungusha waya mara mia bila kuupindisha hata mara moja.

Kamusi za zamani za Kiswahili zina hata jina la waya wa namna hiyo: nyerere, waya mwembamba sana. (Mwalimu hahusiki, ingawa shule alisoma hapahapa Tabora.) Leo neno hilo kwa maana hiyo karibu limekufa, na ukilitamka dukani utaulizwa kama una homa.

Wala waya haukuwa unatoka pwani tu. Shaba ya Katanga ilikuwa inakuja kutoka upande wa pili, magharibi, na waliokuwa wakiifuata walikuwa watu wa huku. Ngelengwa wa Usumbwa alitangulia kwenda huko kwa nyayo za baba yake, mfanyabiashara wa shaba, akabaki, akajenga makao yake Bunkeya na kuwa mtawala wa Garenganze. Historia inamjua kwa jina la Msiri, naye aliuawa Desemba 1891. Kwa hiyo Tabora ilikaa katikati: shaba iliyofuliwa kwa mikono ikitoka magharibi, waya wa viwandani ukitoka mashariki, na wapagazi Wanyamwezi wakiwa chini ya yote hayo mabegani.

Sidai kwamba kuna mstari ulionyooka kutoka kwa mfua vitindi wa 1857 mpaka kwa fundi redio wa Kanyenye. Haupo. Bangili za viwandani ziliua kazi ile, na waliokuwa wanaijua walizikwa nayo. Ninachosema ni kidogo zaidi: huu ni mji ambao watu wake walikuwa wanajua thamani ya waya muda mrefu kabla mtu yeyote hajapitisha umeme ndani yake. Na hawakuwa peke yao Afrika Mashariki. Waingereza walipotandaza waya wa telegrafu kando ya Reli ya Uganda, Wanandi waliukata wakajitengenezea mapambo, na vitabu vya wakoloni vinaliita jambo hilo wizi na ushenzi. Lakini ukiona dhahabu imetundikwa kwenye nguzo porini, bila mlinzi, we utapita tu?

Reli ya Kati ilifika Tabora 1912, na pamoja nayo ikaja karakana, na karakana maana yake ni chakavu. Kitu cha ajabu zaidi kilichotoka kwenye karakana ya reli ni pesa, safari hii pesa kweli. Vita vya Kwanza vilipowafungia Wajerumani njia ya bahari wakaishiwa sarafu, na mwaka 1916 wakaanza kuzipiga wenyewe huku Tabora: heller 20 na heller 5 kwa shaba waliyookoteza, na rupia 15 za dhahabu ya Sekenke, zenye tembo upande mmoja. Septemba mwaka huohuo Wabelgiji wakauteka mji. Leo wakusanyaji wa Ulaya hulipa pesa nyingi kwa tembo yule. Mimi huwa nawafikiria zaidi mafundi wasiotajwa, waliogeuza vyuma vya treni kuwa mashine ya kupiga sarafu kwa sababu hapakuwa na njia nyingine. Ukiwa fundi Tabora, hali hiyo unaijua.

Redio sasa. Dar es Salaam ilianza kutangaza 1951, ikawa Shirika la Utangazaji Tanganyika 1956, halafu Radio Tanzania Dar es Salaam 1965. Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili 1954, BBC 1957, Deutsche Welle 1963. Mawimbi yalikuwa tayari yanapita juu ya miembe ya Tabora. Kilichokosekana ni chombo cha kuyashusha ambacho mtu wa kawaida angekimudu, maana redio ya valvu ilitaka umeme wa ukutani au betri kubwa ya gharama. Transista, iliyogunduliwa Marekani mwaka 1947, ndiyo iliyobadilisha mambo. Miaka ya 1960 kiwanda cha Matsushita kikaanza Dar es Salaam kutengeneza redio na betri za National, na zile ndogo watu wakaziita redio ya mkulima. Mwaka 1973, kampeni ya Mtu ni Afya ilipokusanya watu wazima wapatao milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza, redio ilikuwa imeshafika vijijini kabisa.

Halafu kuna mwaka 1974, ambao wanaoandika juu ya teknolojia huutaja kwa masikitiko. Serikali ilipiga marufuku kuingiza nchini kompyuta na televisheni. Zanzibar walikuwa na televisheni yao ya rangi. Sisi bara tulisubiri hadi 1994. Hasara yake naijua, siibishi. Lakini kwa mwanagenzi wa Tabora marufuku ile ilikuwa na tokeo moja ambalo sijaona likitajwa popote: kwa miaka 20 kifaa pekee cha elektroniki kilichokuwamo majumbani kilikuwa redio. Kila aliyetaka kujifunza alijifunza kwa kitu kilekile, kila fundi alikuwa na vipuri vilevile, na kila redio iliyokufa ilikuwa na kitu ndani yake cha kuponya nyingine. Nchi nzima ilikuwa na kitabu kimoja cha kiada, na kila mtu alikuwa na nakala mezani, imefunikwa kitambaa cha kufuma.

Na redio ile ilifunguka. Skrubu nne nyuma, unavuta kava, unaona kila kitu: spika, fimbo nyeusi ya feraiti yenye koili ya waya mwembamba kama nywele, kapasita ya kutafutia stesheni, transista sita au saba zimesimama kama wazee kwenye baraza. Unaweza kufuata njia kwa kidole.

Nilimfungulia baba mdogo redio yake nikiwa na miaka 12. Sitaeleza kilichofuata. Nitasema tu kwamba neno lililotumika siku ile lilikuwa "mtundu", na lilitamkwa kwa fimbo. Wiki moja baadaye redio ilipelekwa kwa fundi Kanyenye, mimi nimeibeba kama adhabu, na fundi alipoona jinsi nilivyoikata akaniuliza nani amefungua. Nikasema mimi. Akacheka, akasema: "Mtundu huyu." Neno lilelile! Kiswahili kina jambo hili ambalo nalipenda sana: mtundu ni mtoto msumbufu na mtundu ni mtu mbunifu, na tofauti iko kwenye sauti ya anayelitamka. Kwa hobi hatuna neno. Uraibu ni tambuu na tumbaku, burudani ni kukaa. Anayefungua vitu kwa sababu tu anataka kujua vimekaaje ndani, bila kulipwa na bila kutumwa, tunamwita mtundu, halafu tunaangalia kama tumpige au tumpeleke kwa fundi.

Nilirudi siku ya pili bila redio.

"Shikamoo, fundi."

"Marahaba. Umeleta redio au umeleta macho?"

"Macho."

"Kaa pale. Usiguse kitu."

Kibanda kilikuwa na meza moja, taa moja, na boksi la mbao chini ya meza ambalo kila mtu aliliita makaburini. Humo ndimo zilimoingia redio zisizopona. Kwa miezi miwili kazi yangu ilikuwa kufagia, kufuata chai, na kupuliza mkaa, kwa sababu umeme ulikuwa unakatika na chuma cha kulehemu kilipashwa kwenye jiko. Uanagenzi wa Kiswahili ndivyo ulivyo, hakuna ratiba. Zamani mwanafunzi aliyehitimu alimpa fundi wake kilemba, na ndio uliokuwa mtihani na cheti kwa pamoja. Mimi nilikuja kumpa shati.

Somo la kwanza lilikuja bila kutangazwa. Akanirushia transfoma iliyoungua, akasema nitoe waya wote bila kuukata. Ilinichukua mchana mzima. Nilijifunza kwamba waya wa kusukia una utando mwembamba kama rangi, kwamba utando huo ndio unaoruhusu mizunguko ibanane bila shoti, na kwamba kabla ya kulehemu lazima uukwangue mwisho wake kwa wembe mpaka shaba ing'ae. Ukisahau kukwangua, lehemu itakaa juu kama tone la maji kwenye jani la mgomba, utadhani umeunga kumbe hujaunga. Nusu ya makosa ya wanaoanza ni hilo. Mafundi husema kusuka mota, kusuka koili, kitenzi kilekile cha nywele na mikeka, na kweli ni kazi ya vidole kabla haijawa kazi ya akili.

Nataka nikae kidogo kwenye maneno, maana huu ni uwanja wa wapenda maneno. Fundi wangu hakuwa na Kiingereza. Betri aliziita mawe. Umeme uliokuwa ukitembea aliuita moto: moto unaingia hapa, unapita kwa huyu, unatokea pale, hapa moto haufiki, kwa nini? Dayodi ilikuwa mlango wa upande mmoja. Kapasita ilikuwa mtungi, unajaa na kumwaga. Redio haikuwa "mbovu" tu: ilikuwa inakoroma, au inakwaruza, au inavuta stesheni kwa shida, au imepoteza sauti ila pumzi ipo, na kila ugonjwa kati ya hiyo ulikuwa na sehemu yake ya kuanzia kutafuta. Ikikoroma, angalia kapasita kubwa. Pumzi ipo sauti haipo, anza kwa spika urudi nyuma, ukigusa kila hatua kwa ncha ya bisibisi na kusikiliza kama inagutuka.

Halafu asubuhi naingia darasani, kidato cha pili, nafundishwa Sheria ya Ohm kwa Kiingereza, nakariri herufi tatu na kuzizungusha. Ilinichukua karibu mwaka kutambua kwamba mwalimu na fundi wanasema kitu kimoja. Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia ya TUKI ilitoka 1990, kazi nzuri na ya jasho, lakini kibandani haikufika, na darasani haikuhitajika. Kwa hiyo kuna Kiswahili cha elektroniki kilichotungwa na wasomi na kingine kilichotungwa makaburini chini ya meza, na havijawahi kupeana mkono. Nikisikia mtu anasema Kiswahili hakiwezi kubeba sayansi huwa natamani angesikia fundi yule akieleza kwa nini mawe yaliyochoka yanawasha taa lakini hayawezi kupiga muziki. Yana moto, alisema, ila yamekabwa koo. Kitabuni wanaita ukinzani wa ndani. Ni jambo hilohilo.

Mawe yenyewe yalikuwa na historia yake. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 bidhaa ziliadimika, ulanguzi ukashamiri, na msako wa wahujumu uchumi wa 1983 ukafanya hata mwenye maboksi mawili ya betri alale na wasiwasi. Watu wakajifunza kuyaanika mawe juani, na joto likayaongezea siku chache. Wengine walipanga mawe manane au kumi yaliyochoka kwenye ubao, mkia kwa kichwa, wakapata nguvu ya mawe manne mapya. Aliyefanya hivyo alikuwa ameshafaulu somo la kuunga betri mfululizo, na hakuna aliyempa alama.

Sasa koili yangu. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na nilikuwa nimeshasoma mahali kwamba redio ya kristali haihitaji mawe kabisa: inakula nguvu ya wimbi lenyewe. Nikamwambia fundi. Hakukataa, hakukubali, akaniambia nisuke.

Nitatoa vipimo, kwa atakayetaka. Bomba la plastiki la kipenyo cha sentimita 5. Waya wa shaba wenye utando, unene wa nusu milimita. Mizunguko 80, imebanana, inachukua kama sentimita 4 za bomba. Piga hesabu: mzunguko mmoja ni sentimita 15 na kitu, kwa hiyo 80 ni mita 12 na nusu za waya. Koili hiyo ukiiunga na kapasita ya kutafutia stesheni ya pikofaradi 365 inaanza chini kabisa ya masafa ya kati, kwenye kilohezi 530 hivi, na ukizungusha kitufe unapanda mpaka juu. Unaongeza dayodi moja ya jerimani, ile ya kioo kidogo, siyo ya silikoni, kwa sababu ya silikoni inadai moto mwingi kabla ya kufungua mlango. Antena ni waya wowote mrefu kuanzia mita 20 na kuendelea, kutoka dirishani hadi mwembeni. Ardhi ni msumari mrefu kwenye udongo uliomwagiwa maji. Kifaa cha sikioni kiwe kile cha zamani chenye ukinzani mkubwa. Basi, imekwisha. Vitu sita.

Haikusema kitu. Siku tatu. Kristali inataka mtambo wenye nguvu ulio karibu, na mimi sikuwa nao. Fundi aliangalia, akaingiza mkono makaburini, akatoa transista moja na mawe mawili: "Mwongezee mtu wa kumshika mkono." Tukaiunga usiku, kwa sababu usiku masafa ya kati husafiri mbali, anga la juu linayarudisha chini badala ya kuyameza. Kwanza ilikuja sauti ya Kifaransa kutoka magharibi, imekonda kama uzi. Halafu, kitufe kikiwa kimesogea unene wa ukucha, Kiswahili. Mtu anasoma taarifa ya habari. Sikumbuki hata neno moja la taarifa ile, nakumbuka tu kwamba fundi alinyang'anya kifaa cha sikioni na hakunirudishia mpaka ilipoisha.

Koili ile ninayo bado. Mwaka jana nikaiunga tena kwa ajili ya mpwa wangu, usiku, na antena nzuri kuliko ya zamani. Tulipata mvumo wa chaja za simu za majirani na kingine kama radi ya mbali. Kiswahili hakikuja.

Sababu yake si siri. Sheria ya utangazaji ya 1993 ilifungua milango kwa watu binafsi, na stesheni mpya zikachagua FM, yenye sauti safi. Wasikilizaji wakazifuata huko, na masafa ya kati na mafupi yakaanza kuachwa, idhaa moja baada ya nyingine. Kwa msikilizaji ni maendeleo matupu. Kwa anayeanza ni ngazi iliyokatwa vipandio vya chini, kwani dayodi moja na mizunguko 80 haviwezi kusoma FM. Ujumbe wa FM hauko kwenye kimo cha wimbi, uko kwenye kasi ya mtikisiko wake, na kuufasiri kunataka saketi ngumu zaidi.

Na vyombo vyenyewe vimefungwa. Simu ya leo imegundishwa kwa gundi, ndani kuna kipande kimoja cheusi kinachofanya kazi ya redio kumi, na kikifa hakuna cha kufuata kwa kidole. Vibanda vya Kanyenye vimekuwa vya kubadilisha vioo na kuweka programu. Vijana wanaofanya kazi hiyo ni hodari, mkono wao kwenye lehemu unanitia aibu, ila wengi wanabadilisha kipande wasichoweza kukifungua kwa kingine wasichoweza kukifungua.

Lakini makaburini hapajafa. Juni 2016 mamlaka ya mawasiliano ilipozima simu bandia nchi nzima, ghafla kila nyumba ikawa na simu isiyopiga. Mimi nililiona boksi la mbao likifurika. Na simu isiyopiga ina betri ya volti 3.7, spika ndogo, mota ya kutikisa na taa nyeupe. Kwa mtoto wa miaka 12 huo ni utajiri. Akitaka kuanza leo, aanze hapo: taa moja nyeupe, chaja ya volti 5, na rezista ya ohm 100, ile ya michirizi ya kahawia, nyeusi, kahawia. Taa inakula volti 3, mbili zinabaki kwa rezista, na mbili kugawanya kwa 100 ni miliampia 20, kiasi ambacho taa inapenda. Akiunga bila rezista ataona mwanga mkali sana kwa muda mfupi sana, na atakuwa amejifunza vilevile. Betri ya simu tu asiitoboe wala asiipige pasi ya moto. Inawaka kweli, na moshi wake ni sumu.

Mpwa wangu hakupendezwa na taa. Anataka redio. Nikampeleka kwa fundi, ambaye macho yamechoka lakini bado anakaa kibandani, na meza yake sasa ina kijana anayerekebisha simu upande wa kulia. Nikaeleza habari ya koili yangu iliyonyamaza. Mzee akasikiliza, halafu akamtazama mtoto, siyo mimi.

"Ya mjomba wako ilikuwa mizunguko mingi kwa sababu wimbi lilikuwa refu. La FM ni fupi. Waya mnene, mizunguko mitano."

"Juu ya bomba?"

"Bomba la nini? Una kalamu?"

Mtoto akatoa Bic mfukoni. Mzee akachomoa waya wa shaba kutoka mota iliyoungua, akampa. Stanley angeuita mwembamba mno kwa biashara. Mtoto akaanza kuuzungusha juu ya kalamu, ulimi nje, anahesabu kwa sauti, mmoja, miwili, mitatu, na kijana wa simu akaacha kazi yake akawa anaangalia. Alipofika mitano akaupeleka waya mdomoni ili aukate.

"Siyo kwa meno, mwanangu," fundi akasema. "Koleo hiyo hapo."